Mitambo ya majengo makubwa mjini Bujumbura: inavyofanya kazi, inavyotunzwa na inavyolinda maisha

Umeme unapokatika ghafla saa nane za mchana katika mtaa wa Rohero, mambo kadhaa hutokea kwa wakati mmoja ndani ya jengo la ghorofa. Lifti husimama hapo ilipo. Viyoyozi hunyamaza. Pampu inayopandisha maji huacha kuzunguka. Ngazi zisizo na madirisha huingia giza. Iwapo mitambo imetunzwa inavyopaswa, katika muda wa sekunde 10 hadi 15 jenereta hunguruma uani na kazi huendelea. Iwapo haikutunzwa, mtu hubaki amefungiwa ndani ya lifti, mwenye duka la nyama huanza kuhesabu hasara, na daktari wa kliniki ya ghorofa ya tatu hutafuta tochi.

Makala haya yanaeleza mitambo hiyo ni ipi, inafanyaje kazi, na ni matunzo gani yanayoizuia isigeuke kuwa hatari. Yameandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wetu wanaopitisha siku zao ndani ya majengo hayo: wapangaji wa maduka, makarani, walinzi, wafagizi, na hasa mafundi, ambao wengi wao walijifunza kazi katika gereji za Buyenzi na leo wanaitwa mjini kati kutengeneza pampu na jenereta ambazo maelezo yake yameandikwa kwa lugha za mbali.

Mji wenye mahitaji yake

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo cha takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari kwenye sehemu zake za chini, kisha mji unapanda kuelekea vilima vya mashariki. Hali hiyo ina matokeo matatu kwa mwenye jengo.

La kwanza ni joto. Wakazi wa Gitega au Kayanza wanaweza kuishi bila kiyoyozi mwaka mzima, lakini ofisi ya Bujumbura yenye madirisha ya vioo yasiyofunguka huwa kama tanuri ifikapo adhuhuri. La pili ni vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ambalo huziba vichujio vya hewa na kuingia ndani ya injini. La tatu ni mteremko wa mji: nguvu ya maji katika bomba la mtaa wa chini si sawa na nguvu yake katika mtaa wa juu.

Juu ya hayo kuna suala la umeme. Shirika la REGIDESO, linalosambaza maji na umeme, hutegemea kwa kiasi kikubwa nguvu za mito. Bwawa la Rwegura, lenye uwezo wa megawati 18, limekuwa nguzo ya gridi ya taifa tangu miaka ya 1980, na maji yake hupungua wakati wa kiangazi. Vyanzo vingine vimeongezwa: kituo cha Rusizi II ambacho Burundi inashirikiana na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mitambo ya jua ya Mubuga iliyoanza mwaka 2021 ikiwa na megawati 7.5, na bwawa la Rusumo lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo, kukatika kwa umeme bado ni jambo ambalo kila msimamizi wa jengo hulihesabu katika mipango yake. Tena, tangu mwaka 2021 nchi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, hivyo jenereta yenyewe haiwezi kuwa tegemeo lisilo na mipaka.

Jenereta: ngao ya kwanza

Jenereta, ambayo mafundi wetu wengi huiita gurupu, ni injini ya dizeli iliyounganishwa na mashine ya kuzalisha umeme. Ili itoe umeme wa hezi 50 unaolingana na ule wa REGIDESO, jenereta nyingi za majengo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, bila kuzidi wala kupungua. Mzunguko ukishuka, mota za pampu na kompresa hupata moto na kuharibika.

Sababu ya kawaida kabisa ya jenereta kukataa kuwaka siku inapohitajika ni betri iliyochoka. Ndiyo maana jaribio la kila wiki lina maana kubwa kuliko ukarabati wa mara moja kwa mwaka. Katika jaribio hilo fundi hukagua oili, maji ya kupozea, mikanda, na chaji ya betri, kisha huwasha injini. Lakini kuiwasha bila mzigo kila mara kuna madhara yake. Injini ya dizeli inayofanya kazi chini ya thuluthi moja hivi ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua hujikusanya katika bomba la moshi, na injini huanza kutoa moshi mzito na kupoteza nguvu. Kwa hiyo, angalau mara moja kwa mwezi, jenereta ibebe mzigo halisi wa jengo.

Dizeli yenyewe huharibika ikikaa. Maji ya unyevunyevu hukusanyika chini ya tangi, vijidudu huota kati ya maji na mafuta, na uchafu wake huziba vichujio. Tangi liwe na vali ya chini ya kutolea maji hayo, na mafuta ya zamani yatumike kabla ya mapya. Oili ya injini hubadilishwa kwa kufuata saa za kazi, na kwa jenereta nyingi kipimo cha kawaida ni saa 250. Jenereta inayofanya kazi saa nane kwa siku hufikia kiasi hicho kwa mwezi mmoja tu. Msimamizi anayengoja mwisho wa mwaka atakuwa amechelewa mara kumi na moja.

Kuna hatari mbili zisizosamehe. Ya kwanza ni moshi. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huua watu katika vyumba visivyopitisha hewa. Jenereta isiwekwe ndani ya ghala wala karibu na madirisha ya walinzi wanaolala zamu. Ya pili ni kurudisha umeme katika nyaya za mtaa. Jenereta ikiunganishwa bila swichi maalumu ya kubadilisha chanzo, umeme wake huingia katika gridi, na fundi wa REGIDESO aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya umekufa anaweza kupoteza maisha. Swichi hiyo lazima ikatae kabisa kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Hapa hapafai ubunifu wa nyaya za kuunganisha kwa mkono.

Maji: kutoka bomba la mtaa hadi ghorofa ya juu

Hesabu ya maji katika jengo ni rahisi kuikumbuka. Kupandisha maji kwa kila mita 10 huhitaji shinikizo la takriban baa moja. Jengo la ghorofa nane lenye kimo cha mita 26 huhitaji baa 2.6 ili maji yafike tu juu, na zaidi ya hapo yapate nguvu ya kutoka kwenye bomba na kushinda msuguano wa njiani. Shinikizo la mtaani mara nyingi halitoshi, na siku nyingine hakuna maji kabisa. Ndiyo sababu majengo makubwa huwa na tangi la chini linalopokea maji ya REGIDESO, pampu za kuyapandisha, na tangi la juu ya paa linaloyagawa kwa uzito wake yenyewe.

Mpangilio mzuri una pampu mbili zinazopokezana. Moja ikifanya kazi, nyingine inapumzika. Moja ikiharibika, nyingine inashika nafasi yake. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuitumia moja tu kwa miaka, hadi ya pili inakwama kwa kutu bila mtu kujua. Adui mkubwa wa pampu ni kuzunguka bila maji. Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili zake. Pampu ikikauka kwa dakika chache tu, sili huungua na maji huanza kuvuja kwenye mhimili. Boya la kuzima pampu pale tangi la chini linapokwisha ni kifaa cha bei ndogo, na huokoa mashine ya bei kubwa.

Kelele za pampu ni lugha. Sauti kama ya changarawe zinazozunguka ndani yake mara nyingi humaanisha kwamba maji hayafiki kwa wingi wa kutosha upande wa kuvuta: kichujio kimeziba, vali haikufunguliwa yote, au bomba ni jembamba mno. Mlio mkali wa kukwaruza huashiria fani zilizochakaa. Pigo zito katika mabomba wakati pampu inaposimama huonyesha kwamba maji yanarudi kwa kasi na kuigonga vali ya kuzuia kurudi.

Matunzo ya maji ni suala la afya pia. Mwanzoni mwa Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Bujumbura. Tangi lililo wazi, ambamo mijusi huanguka na mbu huzaana, linaweza kuharibu maji yaliyotoka safi kwenye mtambo wa REGIDESO. Matangi yafunikwe kwa mifuniko inayokaza, matundu ya hewa yazibwe kwa wavu mwembamba, na yaoshwe na kutiwa klorini angalau mara mbili kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanapofika kwa mtumiaji yabaki na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo chake cha vidonge vya rangi hutumika kwa dakika chache na hakihitaji maabara.

Onyo moja kwa wanaoosha matangi na mashimo ya maji machafu: asiingie mtu peke yake. Hewa iliyotuama katika tangi inaweza kukosa oksijeni, na shimo la choo hutoa gesi inayomwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Mara nyingi anayefuata kumwokoa mwenzake huanguka pia. Pawe na mtu nje, pawe na kamba, na hewa isafishwe kwanza kwa feni.

Viyoyozi: si kutengeneza baridi, ni kuhamisha joto

Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa kilibuniwa mwaka 1902 na mhandisi Mmarekani Willis Carrier, kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji mjini New York ambacho unyevunyevu wa hewa uliharibu karatasi zake. Kanuni yake haijabadilika. Gesi maalumu hubanwa na kompresa, hupata joto kali, hutoa joto hilo nje ya jengo na kugeuka kimiminika. Kisha hupitishwa katika njia nyembamba, shinikizo lake hushuka, nayo hupoa na kunyonya joto la chumba. Kwa ufupi, kiyoyozi hubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje.

Kutokana na kanuni hiyo tunaelewa makosa mawili ya kawaida. Kosa la kwanza ni kuacha kichujio cha ndani kijae vumbi. Hewa isipopita, koili ya ndani huganda barafu, maji hudondoka ukutani, na mpangaji huita fundi aongeze gesi, ilhali gesi haikupungua. Katika kiangazi cha Bujumbura kichujio kinastahili kuoshwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, kazi ambayo mfagizi aliyeelekezwa vizuri anaweza kuifanya. Kosa la pili ni kuzipanga mashine za nje kwenye kiambaza kidogo bila nafasi, kila moja ikimtupia jirani yake hewa ya moto. Mashine ya namna hiyo hula umeme mwingi na kompresa yake hufa mapema.

Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inapovuja, na fundi anayeongeza gesi kila miezi mitatu bila kutafuta uvujaji anauza bidhaa ileile mara nne. Tena gesi hizo si za kuachiwa hewani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuziondoa zile zinazoharibu tabaka la ozoni, na gesi ya R22 iliyomo katika viyoyozi vingi vya zamani inaondolewa katika nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2030. Oktoba 2016, katika mji jirani wa Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza pia kundi jingine la gesi zinazoongeza joto la dunia. Baadhi ya gesi mbadala, kama R32, zinaweza kushika moto katika hali fulani, kwa hiyo fundi asichanganye gesi wala asichomelee bomba kabla ya kulitoa gesi kwa chombo cha kuikusanyia.

Kabla ya kununua kiyoyozi kipya, mwenye jengo ajiulize iwapo upepo wa ziwa hauwezi kumsaidia. Veranda pana, madirisha yanayofunguka pande mbili na matofali yenye matundu, mambo yanayoonekana katika majengo ya zamani ya mji, hupunguza joto bila kulipa ankara.

Lifti: hofu ya kweli na hofu isiyo na msingi

Watu wengi wanaopanda lifti, au asanseri kama tunavyoizoea, huogopa kamba kukatika. Hofu hiyo ilijibiwa mjini New York mnamo miaka ya 1850, Elisha Otis alipoonyesha hadharani breki inayoshika reli pale kamba inapokatwa. Lifti ya leo huning'inia kwa kamba kadhaa za chuma, husawazishwa na uzito upande wa pili, na ikizidisha mwendo kifaa cha usalama huishika. Umeme ukikatika, breki hufunga yenyewe kwa nguvu ya springi. Kwa hiyo lifti iliyosimama katikati ya ghorofa iko imara.

Hatari ya kweli iko kwenye milango, na katika haraka ya kuokoa. Mlango wa ghorofa ukifunguka wakati lifti haipo, mbele ya mtu kuna shimo. Vilevile, watu wanapoulazimisha mlango na kumvuta aliyenaswa kati ya ghorofa mbili, chini ya miguu yake hubaki pengo la kuingia shimoni. Aliyenaswa abonyeze kengele, akae, na asubiri. Hewa haitamwishia, kwa kuwa lifti si sanduku lililozibwa. Uokoaji ufanywe na watu wawili waliofunzwa: kwanza huzima swichi kuu ya lifti, kisha huachia breki kidogo kidogo kwa mkono hadi lifti ifike usawa wa ghorofa iliyo karibu, ndipo mlango hufunguliwa.

Kila mwezi fundi wa lifti akague milango na kufuli zake, usawa wa kusimama, breki, kengele na taa ya dharura. Kamba zenye nyuzi zilizokatika hazipakwi grisi ili zisionekane, hubadilishwa. Na lifti isitumike kamwe wakati wa moto.

Moto: funzo la tarehe 27 Januari 2013

Hakuna mkazi wa Bujumbura mwenye umri wa kukumbuka aliyeisahau Jumapili ile. Asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji lilishika moto. Magari ya zimamoto hayakutosha kwa moto wa ukubwa ule, na Rwanda ilituma helikopta kusaidia kumwaga maji. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza bidhaa, akiba na mitaji waliyoikusanya kwa miaka. Familia nyingi za Buyenzi na Bwiza zilizotegemea kibanda kimoja zilianza upya bila chochote, na kwa miaka mingi eneo lile lilibaki magofu katikati ya mji. Miji jirani imepata misiba ya namna hiyo. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam liliungua usiku wa Julai 10, 2021.

Funzo kwa kila jengo la biashara ni kwamba dakika za kwanza humtegemea aliyemo ndani. Zimamoto wakifika, wanahitaji njia ya kupita na maji ya kutumia. Kwa hiyo mambo manne yasipuuzwe.

Kwanza, akiba ya maji ya moto. Katika tangi la chini, bomba la kuvuta maji ya matumizi ya kila siku huwekwa juu zaidi, na bomba la pampu ya moto huwekwa chini kabisa. Kwa njia hiyo, hata wapangaji wakitumia maji yote wanayoweza kuyafikia, akiba ya moto hubaki. Fundi anayerefusha bomba la matumizi hadi chini siku ya shida ya maji anaitumia akiba hiyo bila kumwambia mtu.

Pili, pampu ya moto. Hukaa kimya miaka kumi ikingoja saa moja. Iwashwe kila wiki, na umeme wake uchukuliwe kwenye laini yake yenyewe, ili mtu akizima umeme wa jengo wakati wa moto asiizime pampu pia.

Tatu, mitungi ya kuzimia moto. Ule wa unga una saa ya shinikizo inayotazamwa kila mwezi. Ule wa kaboni dioksidi hauna saa. Hupimwa kwa mizani. Maji yasimwagwe kwenye vifaa vyenye umeme.

Nne, ngazi na milango ya kutokea. Maboksi ya bidhaa kwenye ngazi ni jambo la kawaida mjini kwetu, kwa sababu kodi ya ghala ni kubwa. Lakini ngazi iliyojaa maboksi ni njia iliyofungwa tena yenye kuni ndani yake. Mlango wa dharura uliotiwa kufuli kwa kuogopa wezi uwe na namna ya kufunguka kwa ndani bila ufunguo.

Vibao vya umeme vinastahili jicho la pekee. Skrubu za nyaya hulegea polepole kwa kupata joto na kupoa. Waya uliolegea hupata moto, na harufu ya plastiki iliyoungua hutangulia miali. Kila mpangaji anapoongeza friji au mashine ya kuchomelea, mzigo wa jengo hubadilika. Kubadilisha kikata umeme kinachokatika mara kwa mara kwa kingine kikubwa zaidi ni sawa na kumnyamazisha mlinzi anayepiga kelele.

Maji ya chini

Miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda, na mwaka 2024 maji yake yaliingia katika nyumba na majengo ya ufukweni. Ziwa likipanda, maji yaliyo chini ya ardhi hupanda pia. Jengo lenye ghorofa ya chini ya ardhi karibu na ufuko lihitaji shimo la kukusanyia maji na pampu mbili zinazojiwasha kwa maboya. Jenereta, vibao vya umeme na pampu ya moto visikae sehemu ya chini kabisa. Kabla ya mvua za Septemba mifereji ya paa na ya uani isafishwe.

Ratiba na daftari

Matunzo ni ya aina mbili: yale yanayofanywa kabla ya kuharibika na yale yanayofanywa baada ya kuharibika. Ya pili huonekana rahisi kwa sababu hayagharimu kitu hadi siku yake inapofika. Ratiba inayotosha jengo la kawaida la mjini ni hii:

Kila siku: kusoma vipimo vya matangi, kusikiliza pampu, kuangalia uvujaji, na kuhakikisha ngazi ziko wazi.

Kila wiki: kujaribu jenereta na pampu ya moto, na kukagua betri.

Kila mwezi: kuosha vichujio vya viyoyozi, kupokezanisha pampu ikiwa hazijipokezanishi zenyewe, kukagua lifti, mitungi ya moto na taa za dharura, na kuendesha jenereta kwa mzigo.

Kila miezi sita: kuosha matangi ya maji na kusafisha mashine za nje za viyoyozi.

Kila mwaka: kukaza nyaya za vibao, kufanya ukaguzi mkubwa wa lifti, na kufanya zoezi la kutoka jengoni wakazi wote wakishiriki.

Yote hayo yaandikwe katika daftari moja linalokaa jengoni: tarehe, saa za injini, kilichoonekana, kilichofanywa na jina la aliyefanya. Fundi akihama, daftari hubaki. Bila daftari, kila fundi mpya huanza na kubahatisha, na mwenye jengo hulipa gharama ya kubahatisha huko.

Kufuli, kibao na lugha

Ajali nyingi za mafundi hutokea kwa sababu mtu mwingine amewasha swichi bila kujua kwamba kuna mtu kazini. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa: fundi huzima swichi, huifunga kwa kufuli yake mwenyewe, huweka ufunguo mfukoni, na hutundika kibao kisemacho USIWASHE, KUNA MTU KAZINI. Kisha hupima kuhakikisha kwamba umeme umekatika kweli kabla ya kugusa.

Kibao hicho kiandikwe kwa lugha zinazosomwa na wanaopita hapo: Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri tunajua kwamba onyo lisiloeleweka ni pambo la ukuta. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa na fundi wa mjini amsomee karatasi iliyobandikwa kwenye pampu aliyokuwa akiitunza kwa miaka minne. Mstari wa kwanza ulikataza kuiwasha bila kuijaza maji. Fundi alitikisa kichwa na kusema kwamba amekwisha kubadilisha sili tatu. Ufundi haukumpungukia, alipungukiwa na mtu wa kumsomea mstari mmoja.

Maswali ambayo mpangaji ana haki ya kuyauliza

Mpangaji hana wajibu wa kujua kutengeneza jenereta, ila ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini mkataba. Tangi la maji lilioshwa lini? Jenereta inabeba vifaa gani na inaacha vipi? Nani ameteuliwa kumtoa mtu aliyenaswa kwenye lifti, na nambari yake ya simu imebandikwa wapi? Pampu ya moto iliwashwa lini mara ya mwisho? Mlango wa dharura uko wapi, na unafunguka? Je, daftari la matunzo linaweza kuonekana?

Msimamizi anayeyajibu bila kusita huwa anayafahamu kwa sababu ameyafanya. Anayekasirika kwa kuulizwa naye ametoa jibu. Wafanyabiashara waliosimama kandokando ya soko kuu asubuhi ile ya Januari 2013 wakitazama moshi hawakuwa na nafasi ya kuuliza maswali hayo tena. Wapangaji wa leo wanayo.